Simbilisi ndani ya jiko: hadithi za wanyama wapelelezi na sisi wa Butembo na Beni

Ndugu wahitimu, na ninyi mulio bado odituari munangoja siku ya kutetea memwari,

Tangu niseme kwenye grupu yetu kwamba mwaka huu ninasoma riwaya za paka na kondoo wanaofumbua mauaji, maswali yamekuwa mengi. Wengine walicheka tu. Lakini mmoja aliandika kwa ufupi: "Yaya, Beni inalia, na wewe uko unasoma mambo ya paka?" Swali hilo si la mchezo. Nimeona nijibu hapa, kwa urefu, juu jibu la kuandika na kidole gumba halitoshi.

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Riwaya ya upelelezi munaijua: mtu amekufa, kuko watu watano au sita wenye sababu ya kumchukia, na kuko mmoja anayeuliza maswali mpaka ukweli utoke. Ndani ya familia hiyo kubwa kuko tawi moja la watu wapole. Damu haionekani, mauti yanatokea pembeni, mateso hayaelezwi. Mpelelezi si polisi. Ni mama anayeuza vitabu, mwalimu aliyestaafu, mpishi wa keki. Mahali ni kijiji au mji mdogo ambapo kila mtu anajua jirani yake anapika nini. Waingereza na Waamerika wanaliita tawi hilo kwa neno lenye maana ya joto la nyumbani, blanketi na chai. Ukilitia sauti ya Kiswahili linakuwa "kozi", na hapo mtu atafikiri natafuta wanafunzi wa komputa. Mimi nitaziita riwaya za utulivu.

Mama yao wote ni Agatha Christie, na kijiji chake cha kubuni, St Mary Mead, ambamo mwanamke mzee asiyeolewa anayeitwa Miss Marple anafuma sweta huku anafumbua mauaji. Njia yake ni rahisi: kila mtu anamkumbusha jirani fulani wa kijijini. Huyu anadanganya sawa vile yule mwuza samaki alivyodanganya. Mama yeyote wa soko hapa Butembo angemwelewa bila mkalimani.

Halafu wanyama wakaingia.

Mwaka 1966 Mwamerika Lilian Jackson Braun alitoa riwaya ya kwanza juu ya mwandishi wa gazeti Jim Qwilleran na paka aina ya Siamu anayeitwa Koko. Alitoa tatu katika miaka ile ya 1960, akanyamaza miaka 18, kisha akarudi mwaka 1986, na mwisho wa yote riwaya zikafika 29. Nyingi zinatokea Pickax, mji mdogo wa kubuni mbali sana upande wa kaskazini. Kwa Kifaransa zilitoka katika mkusanyiko wa 10/18, njo maana hata msomaji wa huku, aliyesoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi, anaweza kukutana na nakala iliyochakaa. Koko haongei. Anaangusha kitabu kutoka kabati, anakataa chakula, anakaa juu ya barua fulani na kukataa kuondoka. Kazi ya kuelewa inabaki kwa mtu.

Mwaka 1990 Rita Mae Brown akasogeza mambo mbele. Mji wake ni Crozet, mji wa kweli ulioko Virginia. Mwanamke mmoja anaitwa Harry, anafanya kazi posta, na posta ndiyo moyo wa mji: kila habari inapita mikononi mwake. Watu wanaanza kupokea kadi zenye picha ya kaburi, kisha wanakufa. Paka wake, Mrs. Murphy, na mbwa wake, Tucker, wanaongea wao kwa wao, wanachunguza, wanajua kabla ya Harry kujua. Lakini Harry hawasikii. Wanapiga kelele, naye anafikiri wana njaa. Kitabu kile kina jina la mwandishi wa pili kwenye jalada: Sneaky Pie Brown, paka wa mwandishi. Ni utani, lakini wamekomaa nao kitabu baada ya kitabu, na mimi ninaheshimu utani unaofanyiwa kazi hivyo.

Kuko na aina ya tatu, ambapo mnyama anaongea na watu waziwazi. Shirley Rousseau Murphy alianza mwaka 1996 na paka Joe Grey, ambaye anainua simu na kuwapigia polisi habari za siri bila kutaja jina lake. Aina hii mimi sipendi sana. Paka akiweza kupiga simu, ugumu wote umeisha.

Ile ninayoipenda kuliko zote ni Glennkill, ya Mjerumani Leonie Swann, iliyotoka mwaka 2005. Kwa Kifaransa inaitwa Qui a tué Glenn? Huko Ireland, mchungaji wa kondoo anakutwa malishoni amekufa, sepetu imemchoma katikati. Kondoo wake wanakutana na kuamua kwamba wanataka haki. Mwenye akili nyingi ni kondoo jike, Miss Maple (munaona utani kwa Miss Marple?). Mwingine, Mopple, kazi yake ni kukumbuka: kile alichosikia mara moja hakimtoki. Wanasikia mengi, juu hakuna mtu anayenyamaza mbele ya kondoo. Lakini wanaelewa vibaya nusu ya yale wanayosikia. Pesa kwao haina maana, dini ya watu inawachanganya kabisa, na wanaweza kuacha uchunguzi wote katikati kwa sababu majani ya upande ule yanaonekana matamu. Mwisho sitasema. Atakayeniuliza kwenye grupu sitamjibu.

Hapo njo tunafika kwenye sababu ya mnyama kuwa mpelelezi mzuri. Fikirini nyumba zenu. Tunashusha sauti mtoto akiingia. Tunashusha sauti dada wa kazi akipita na ndoo. Tunazima simu juu tunaogopa mtu yuko anasikiliza. Nani alishawahi kushusha sauti mbele ya mbuzi? Mnyama ndiye shahidi pekee ambaye mwongo hamdanganyi, kwa sababu hamuhesabu. Na akiwa shahidi asiyesikika na watu, kama Mrs. Murphy, basi riwaya iko na uchungu kidogo chini ya kicheko: kuko mtu ndani ya nyumba anayejua ukweli wote, na hakuna anayemuuliza.

Sasa mutaniambia: mambo haya tuko nayo tangu babu zetu. Kweli. Sisi tuliokua tukisikiliza hadithi kwa Kinande jioni kando ya moto hatukushangaa hata siku moja kwamba mnyama anaongea. Sungura ni ndugu wa wote. Katanga wanamwita Kalulu, Waganda wanamwita Wakayima, na wasemaji wa Lingala wana mboloko, kale kaswala kadogo, anayefanya kazi ileile. Lakini tazameni vizuri anafanya kazi gani. Sungura wetu si mpelelezi. Mara nyingi yeye ndiye mwenye kosa.

Chukueni hadithi ya punda wa dobi, ambayo mmisionari Mwingereza Edward Steere aliichapisha mwaka 1870 katika kitabu chake cha hadithi za Kiswahili alizokusanya Zanzibar. Simba ni mgonjwa. Sungura anamdanganya punda mpaka anafika. Simba anamrukia, punda anakimbia. Sungura anakwenda kumdanganya mara ya pili, punda anarudi, safari hii anakufa. Simba anasema: nyama choma wewe, mimi nataka moyo na masikio tu. Sungura anachoma, anakula moyo, anakula masikio. Simba anapouliza viko wapi, sungura anajibu kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio. Angekuwa navyo, angekuja mara ya pili?

Eh, angalieni kitu hicho. Kuko maiti, kuko ushahidi uliopotea, kuko hakimu anayeuliza, kuko hoja moja safi kabisa inayofunga kesi. Na anayeitoa hoja hiyo ni mwizi mwenyewe, mdomo bado una mafuta. Simba anakubali. Sisi watoto tulicheka na tukampenda sungura. Hadithi inatufundisha kwamba maneno mazuri yanaweza kukaa pahali pa ukweli, na inatuambia hivyo bila huruma. Riwaya ya utulivu inaanza pale hadithi ile inapokwisha: mtu mmoja, au kondoo mmoja, anauliza, "Samahani, mbona mdomo wako unang'aa?"

Na hata hilo si geni. Hadithi ya punda ilitoka mbali: mizizi yake iko India, ikapita Uajemi, ikaingia Kiarabu katika kitabu cha Kalila na Dimna. Aliyekitia kwa Kiarabu, Ibn al-Muqaffa, katika karne ya 8, aliona kasoro. Katika kisa cha kwanza mbweha Dimna anamsingizia ng'ombe dume, simba anamwua rafiki yake bure, na mambo yanaishia hapo. Ibn al-Muqaffa akaongeza sura nzima ya kesi. Chui alikuwa anapita usiku, akasikia Dimna akikaripiwa na mwenzake Kalila. Chui anamwambia mama wa simba, kwa siri. Dimna anashitakiwa, anajitetea kama wakili wa Kinshasa, anashinda kila hoja. Anaangushwa tu siku mashahidi wawili wanaposema, chui na mnyama mmoja aliyesikia mazungumzo mengine ndani ya gereza. Yule wa gereza aliulizwa mbona hakusema mapema. Akajibu kwamba shahidi mmoja peke yake hatoshi. Kwa maoni yangu huyo chui, aliyesikia ukutani usiku, ndiye babu wa Koko na Miss Maple wote.

Wanaosoma Biblia ya Kikatoliki wanajua pia sura ya 13 ya Danieli: Susana anasingiziwa na wazee wawili, umati uko tayari kumwua, kijana Danieli anawatenganisha wale wazee na kumuuliza kila mmoja swali moja dogo, chini ya mti gani. Majibu hayakulingana. Na sote tunamjua punda wa Balaamu, katika Hesabu 22, aliyeona kile ambacho nabii mwenyewe hakukiona, akapigwa mara tatu kabla ya kupewa mdomo wa kusema.

Kwa Kiswahili chenyewe upelelezi tuko nao tangu zamani kidogo. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitoa Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, baada ya kushinda shindano la uandishi, na hapo akazaliwa Bwana Msa na kiko chake mdomoni. Mtu anakutwa amekufa mahali pa mizimu. Wengi wako tayari kusema mizimu imemchukua. Bwana Msa anauliza maswali mpaka anampata mtu mwenye mikono na miguu. Hakuna mnyama anayesema humo, lakini hewa ni ileile: mahali padogo, watu wanaojuana, uvumi unaotangulia. Inauma kwamba vitabu hivyo havipatikani kwa urahisi upande wetu wa mpaka. Ndugu aliye Kampala au Nairobi, akirudi, akumbuke.

Bon, sasa Beni.

Tangu Oktoba 2014 watu wameuawa ndani ya eneo la Beni, shambani, njiani, usiku ndani ya nyumba. Hapa hakuna anayehitaji nimweleze. Aliyeniuliza swali lile alitaka kusema: kifo kwetu si mchezo wa kubashiri kwenye kiti cha starehe. Ninakubali. Lakini ninamwomba aangalie riwaya hizi zilizaliwa lini. Agatha Christie aliandika riwaya yake ya kwanza mwaka 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, wakati alipokuwa anafanya kazi ya dawa hospitalini ambako askari majeruhi walikuwa wanaletwa. Ilitoka mwaka 1920. Na wakati wa fahari wa riwaya hizo ni miaka ya kati ya vita viwili. Wasomaji wake walikuwa wajane, mama waliozika watoto bila maiti, vijana waliorudi na mguu mmoja. Hawakusoma juu ya kifo kimoja cha kijijini kwa sababu hawakujua kifo. Walikijua sana, cha maelfu, kisicho na jina la mtendaji. Kitabu kiliwapa kifo kimoja ambacho mtu alikaa chini na kukiuliza: nani, kwa nini, saa ngapi. Yaani maiti ilistahili kuulizwa.

Sisi tuko na njaa hiyohiyo. Mauaji yanatokea, tunahesabu, tunazika, tunafunga maduka kwa siku ya "ville morte", tunafungua. Nani, kwa nini, saa ngapi? Jibu linatoka radio trotuari. Na radio trotuari haikosi jibu hata siku moja. "Kuko mtu wa ndani aliyewaonyesha njia." Mtu gani? Mgeni. Yule aliyehamia juzi. Yule asiyesalimia.

Wakati wa Ebola, kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020, tuliishi ndani ya riwaya isiyo na mpelelezi. Zaidi ya watu 2,200 walikufa, na mtaani neno lilikuwa kwamba ugonjwa ni biashara, kwamba waliokuja kutibu ndio wanaoleta. Vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto mwezi Februari 2019. Tarehe 19 Aprili mwaka uleule daktari mmoja kutoka Kameruni, aliyetumwa kusaidia, aliuawa hapahapa Butembo, ndani ya hospitali. Sisemi kitabu cha kondoo kingezuia. Ninasema uvumi ni upelelezi uliokosa kazi yake ya mwisho: unaanza na swali la haki kabisa (watu wetu wanakufa juu ya nini?) na kuruka moja kwa moja kwenye jina.

Nitoe mfano mdogo. Miaka michache iliyopita, katika kartie niliyokuwa nikiishi, pesa za likelemba ya mama kumi na wawili zilipotea usiku mmoja ndani ya nyumba ya mwenye kuzitunza. Asubuhi, mbele ya saa tatu, jina lilikuwa limeshatoka: kijana wa miaka kama 16, wa familia iliyokimbia upande wa Oicha, waliokuwa wamepewa chumba cha nyuma. Jirani alisema alimwona usiku akitoka, amevaa shati la kijani. Vijana wa kituo cha moto wakakusanyika, na mmoja akataja petroli. Unajua namna neno hilo linavyobadilisha hewa. Mama mmoja anayeuza makala, mwanamke wa maneno machache, akauliza yule jirani: "Ulimwona kwa taa gani? Umeme ulikatika tangu jana mchana, na mwezi haukuwapo. Kijani uliijua namna gani?" Jirani akakohoa. Akasema labda haikuwa kijani. Akasema labda alisikia mlango tu. Watu wakaanza kukumbuka kazi zao, wakaondoka.

Kijana hakuguswa. Lakini hakuna aliyeendelea kuuliza. Pesa hazikupatikana, na kwa kuwa hakuna jina lingine lililotoka, jina lake likabaki. Watoto waliacha kucheza na wadogo zake. Mama yake alinyimwa deni la unga pale alipozoea kukopa. Baada ya wiki mbili familia ikafunga vitu vyao kwenye chukudu na kuhama. Hadi leo sijui nani alichukua pesa zile.

Kwa hiyo mimi ninasoma mwisho wa riwaya hizi tofauti na wengi. Kuko ile sura maarufu ambapo wote wanakusanywa sebuleni na mpelelezi anapita mmoja mmoja. Watu wanafikiri raha yake ni kumnasa mwenye kosa. Hesabuni tena. Ndani ya chumba kuko watu saba. Mmoja atapelekwa. Sita wanaachiliwa. Kwa kurasa mia mbili sita hao wameishi wakitazamwa kwa jicho la pembeni, mchumba amemwogopa mchumba, mtoto amemshuku baba. Hakuna namna ya kuwasafisha isipokuwa kumaliza kazi. Mama wa makala alifanya nusu ya kwanza, na aliifanya vizuri kuliko OPJ yeyote ninayemjua. Nusu ya pili haikupata mtu.

Riwaya hizi ziko na uongo wake pia, nisiwafiche. Miji yao midogo ina maiti nyingi kuliko makaburi. Mtu akihamia Pickax ningemshauri aandike wosia. Maombolezo yanakwisha kwa sura moja, watu wanarudi kwenye chai. Na nyingine, zile mbaya, zinamtupia kosa mgeni wa mji, ili wenyeji walale vizuri. Hizo ni radio trotuari iliyofungwa jalada. Tena zote zinategemea kitu ambacho hatukizoei: ukishampata mwenye kosa, unamkabidhi, na kuko mahakama inayongoja. Huku kwetu, tangu hali ya dharura ilipoanza kutumika tarehe 6 Mei 2021, kesi za jinai zilitolewa kwa mahakama za kiraia na kupelekwa kwa mahakama za kijeshi. Mwandishi wa hapa hawezi kunakili Crozet na kubadilisha majina tu.

Njo maana nikisema tuandike zetu, nasema tuanze na wizi, si na mauaji. Pesa za likelemba. Kengele ya shule. Mfuko wa kahawa uliopungua uzito kati ya Maboya na ghala. Kosa dogo ambalo linaweza kuumiza mtu vibaya, na ambalo linaweza kumalizwa kwenye kyaghanda, mbele ya wazee na chefu wa avenu, bila kumpeleka mtu gerezani. Pahali pa posta ya Harry tuko na kibanda cha unite na pesa za simu: binti anayekaa pale chini ya mwavuli anajua nani anatuma kwa nani, na lini ameacha kutuma.

Na mnyama? Wengi kwenye grupu walisema mbuzi. Mbuzi ni mzuri lakini anafungwa kamba nje, na Butembo, kwenye urefu wa karibu mita 1,800 juu ya bahari, maneno makubwa hayasemwi nje usiku. Baridi inawarudisha watu jikoni. Paka anatembea sana, na waandishi wa ng'ambo wameshamchosha.

Mimi ninachagua simbilisi.

Munawajua, wengine wanawaita dende au kobayi. Mnyama asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, lakini amekuwa mwenyeji wa jiko la Kivu kuliko wapangaji wengi. Anaishi chini ya kitanda au pembeni ya moto, anakula majani ya viazi vitamu na mabaki ya maharagwe, anazaa haraka. Mtoto anauza wawili ananunua daftari. Na vita vilimpa cheo kipya: ng'ombe na mbuzi huibiwa waziwazi, lakini simbilisi unaweza kumficha, na ukikimbia unamweka ndani ya kikapu chini ya nguo. Familia ya Oicha inayofika Butembo mikono mitupu inaweza kuwa na simbilisi watatu. Yaani mpelelezi wetu anaweza kuwa mwenyewe ni mkimbizi. Amesikia jiko la kule na jiko la huku.

Kasoro zake nazo ni tajiri. Macho yake hayainuki juu ya magoti, kwa hiyo watu anawajua kwa miguu: sandali iliyoshonwa kamba nyeupe, kisigino kilichopasuka, boti la motari lenye udongo mwekundu wa upande wa Beni. Anaogopa kila kitu. Na analia. Simbilisi akisikia hatua za mtu anayempa majani, analia kwa sauti nyembamba mpaka nyumba nzima inajua. Akisikia hatua ngeni, anaganda, kimya kama jiwe. Arthur Conan Doyle aliwahi kujenga kisa kizima, mwaka 1892, juu ya mbwa ambaye hakubweka usiku, kwa kuwa aliyepita alikuwa mtu anayemjua. Kwetu mambo yanageuka, na ninaona yanakuwa mazuri zaidi.

Kwa hiyo sura ya kwanza iko hivi, anayetaka aichukue aendelee nayo. Jiko la mama anayetunza likelemba. Umeme umekatika. Boksi la pesa liko nyuma ya mfuko wa unga. Ndani ya chumba cha nyuma wanalala wageni waliofika kutoka Oicha siku nne tu, na mtoto wao bado hajaruhusiwa kuwalisha simbilisi wa mwenye nyumba. Asubuhi pesa hazipo, na wote wanatazama mlango wa nyuma. Lakini bibi wa nyumba, ambaye usingizi wake ni mwepesi, anasema kitu ambacho hakuna anayekitilia maanani, isipokuwa simbilisi mzee aliye chini ya meza: usiku, kama saa nane, aliamshwa na kelele. Simbilisi wote walikuwa wanalia wakiomba majani.